Msimu wa 2008–09 wa kikapu cha vyuo vya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwaka wa Hasheem Thabeet

Kila Juni, drafti ya NBA ikikaribia, yaani zamu ya timu za ligi ya kulipwa ya Marekani kuchagua wachezaji wapya mmoja mmoja, orodha ile ile huanza kuzunguka mitandaoni: wachezaji waliochaguliwa juu kabisa, kisha wakapotea. Jina la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, halikosekani. Hapo maswali humiminika, mengi kutoka kwa vijana ambao mwaka 2009 walikuwa bado chekechea au hawajazaliwa. Nimeyakusanya hapa. Karibu yote yanahusu msimu mmoja, ule uliotangulia drafti, maana huo ndio usiosimuliwa.

Tunazungumzia msimu gani hasa?

Ule ulioanza Novemba 2008 ukamalizika usiku wa tarehe 6 Aprili 2009 jijini Detroit. Bingwa alikuwa North Carolina, chuo cha Chapel Hill, aliyeshinda mechi 34 na kupoteza 4. Connecticut, ambao kila mtu huwaita UConn, walishinda 31, wakapoteza 5, wakaishia nusu fainali. Hasheem, senta wa UConn, alikuwa mwaka wa tatu, na huo ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho chuoni.

UConn ni chuo cha namna gani? Ni kikubwa au tunakikuza sisi?

Kwa mahali kilipo, ungedhani hakuna kitu. Kiko Storrs, kijiji kilichozungukwa na mashamba kaskazini-mashariki ya Marekani, na kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Lakini kwa kikapu ni jina zito. Kocha Jim Calhoun alikuwa amekwishatwaa ubingwa wa taifa mara mbili, 1999 na 2004, na baada ya Hasheem kuondoka chuo kimeongeza wa 2011, 2014, 2023 na 2024. Kijana aliyevaa jezi ile hakwenda kucheza uchochoroni.

Hasheem alifikaje huko?

Alisoma Makongo Sekondari, Dar es Salaam, shule ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa kulea wanamichezo. Alianza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Urefu ulimfungulia njia ya kwenda Marekani, akamalizia sekondari Cypress Christian, Houston, kisha akaingia UConn mwaka 2006.

Weka hesabu hiyo akilini unaposoma majibu yanayofuata. Mwaka 2009 alikuwa na umri wa miaka 22, na alikuwa ameujua mpira wa kikapu kwa miaka saba tu. Wengi wa waliompinga waliushika kabla ya kujua kusoma.

Jina lake ni Hashim Thabit au Hasheem Thabeet?

Yote mawili ni jina moja. Kwetu ni Hashim Thabit Manka. Herufi “ee” humfanya Mmarekani atamke “ii” bila kufundishwa, basi tahajia ya Kimarekani inamsaidia mtangazaji wao. Hapa natumia ile iliyoandikwa kwenye jezi.

Takwimu zake za msimu ule zilikuwaje?

Wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) na bloku 4.2 (mitupo iliyozuiwa) kwa mechi. Tarehe 31 Januari 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Kufikisha tarakimu mbili katika safu tatu ni jambo adimu tayari. Kuzifikisha huku safu moja ikiwa bloku ni adimu mara nyingi zaidi. Mwisho wa msimu alichaguliwa mlinzi bora wa taifa, na akagawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya UConn, na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Huyo Blair tutamrudia, maana kila mtu anamuulizia.

Ila namba hizo hazionyeshi kazi yenyewe. Alikuwa na urefu wa mita 2.21. Tafuta mkanda wa mechi yoyote ya UConn ya mwaka ule, usiangalie mpira, mwangalie mchezaji wa timu pinzani anayeingia ndani kwa kasi. Anafika karibu na kikapu, anamwona Hasheem, anageuka na mpira wake kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Mtupo ule haukutupwa, kwa hiyo hauhesabiwi bloku. Hauandikwi popote. Mara kumi kwa mechi unabadilisha matokeo.

Alikuwa na kina nani?

A.J. Price ndiye aliyeongoza mashambulizi. Jeff Adrien alikuwa mbabe wa ribaundi pembeni yake. Stanley Robinson aliruka kama ana chemchemi miguuni. Na kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, mwembamba, mwenye kasi, aliyeanzia benchi mara nyingi: Kemba Walker. Miaka miwili baadaye kijana huyo aliipa UConn ubingwa.

Pengo kubwa lilitokea Februari, pale Jerome Dyson alipoumia goti dhidi ya Syracuse na kukosa msimu wote uliobaki. Dyson ndiye aliyekuwa mlinzi wao mkali wa nje. Kuanzia hapo wapinzani wengi zaidi walimfikia Hasheem wakiwa na kasi, na mlinzi wa mwisho akigeuzwa mlinzi wa kwanza, faulo huja.

Huu mfumo wa vyuo unaendaje? Mbona timu bora inaweza kutolewa na mechi moja?

Vyuo viko katika ligi zao, ambazo wakati ule zilifuata zaidi jiografia na historia. Kila ligi inacheza msimu wake, halafu mwanzoni mwa Machi inafanya mashindano yake ya mtoano. Baada ya hapo kamati inateua timu za mashindano ya taifa. Mwaka 2009 zilikuwa 65, zikapangwa katika mikoa minne, kila mkoa ukiwa na namba 1 hadi 16 kwa kufuata ubora, namba 1 ikiwa ya timu bora. Hakuna marudiano ya nyumbani na ugenini: ukifungwa, panda ndege. Ndiyo maana Wamarekani wanauita mwezi ule wazimu wa Machi, na ndiyo maana Cleveland State waliopangiwa namba 13 waliwatoa Wake Forest, waliokuwa namba 4, kwa 84–69.

Mchezo wenyewe una vipindi viwili vya dakika 20, na mchezaji anatoka akifikisha faulo tano. Wakati ule timu ilikuwa na sekunde 35 za kushambulia. Msimu huo pia ndio mstari wa pointi tatu wa wanaume ulisogezwa nyuma kwa futi moja, ukafika mita 6.32. Wengi walitabiri wapiga mbali watakufa njaa. Hawakufa.

Kwa nini kila mzee wa kikapu anaitaja Big East ya mwaka ule kwa unyenyekevu?

Kwa sababu ilitisha. Timu 16 katika ligi moja: UConn, Pittsburgh, Louisville, Syracuse, Villanova, Georgetown, Marquette, West Virginia na wenzao. Kamati ilipopanga mashindano ya taifa, namba 1 tatu kati ya nne zilitoka humo, Louisville, Pittsburgh na UConn. Hakuna ligi iliyowahi kufanya hivyo kabla. Katika nane bora, nusu ya timu zilikuwa za Big East.

Tazama mechi tano walizofungwa UConn: Georgetown, Pittsburgh, Pittsburgh tena, Syracuse, na Michigan State. Nne kati ya hizo ni majirani wa ligi yao. Ukiniuliza mimi, kuwa mchezaji bora wa ligi ile, hata kwa kugawana, ni heshima kubwa kuliko kuchaguliwa wa pili katika drafti. Drafti ni watu wazima kumi mezani wanakisia. Big East ilikuwa kila wiki mtu anakuja kukuvunja mbavu.

Ni kweli Blair alimtupa Hasheem kama gunia?

Ni kweli. Tarehe 16 Februari 2009, Hartford. UConn walikuwa namba moja kwenye orodha ya timu bora inayopigiwa kura na waandishi wa habari, na Pittsburgh namba nne. Ilikuwa pia siku ambayo Hasheem alitimiza miaka 22, keki haikuliwa. Wakigombea ribaundi mikono ikajifunga, Blair akainama, na mtu wa mita 2.21 akapita juu ya bega lake akaangukia mgongo. Pittsburgh wakashinda 76–68. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4.

Kipande hicho ndicho kinachosambazwa zaidi, na sikatai, kinauma kukitazama. Lakini kina somo la kikapu ndani yake. Blair alikuwa na mita 2.01 tu, mfupi kwa Hasheem kwa sentimita 20. Alichokuwa nacho ni kiuno kipana na akili ya kujua mpira utaangukia wapi. Alijipenyeza chini ya Hasheem, akamsukuma mbali na kikapu kabla mpira haujatupwa, na mtu mrefu akisukumwa hatua mbili urefu wake unabaki pambo. Machi 7, Pittsburgh walirudia kazi nyumbani kwao, 70–60, na kwa mara nyingine UConn walikuwa namba moja. Makocha wengine walitazama mechi zile wakaandika.

Kichekesho cha dunia: kwenye drafti, Blair aliyemtupa chini alichaguliwa wa 37, madaktari wakiwa na wasiwasi na magoti yake.

Mechi iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza ni hadithi ya kutungwa?

Si ya kutungwa. Robo fainali ya Big East, Alhamisi ya tarehe 12 Machi 2009, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. UConn dhidi ya Syracuse. Ilipoanza, saa za Afrika Mashariki zilikuwa kumi na dakika 36 alfajiri. Ilipokwisha, ilikuwa Ijumaa saa mbili na dakika 22 asubuhi, watoto wameshaingia darasani na foleni ya kwenda Posta imeshaganda. New York ilikuwa saa saba na dakika 22 usiku. Mchezo ulichukua saa tatu na dakika 46.

Mwisho wa dakika 40 ulikuwa 71–71, na hata hapo palikuwa na kizaazaa. Eric Devendorf wa Syracuse alirusha mpira wa pointi tatu wakati saa inazimika, ukaingia, akapanda juu ya meza kushangilia. Waamuzi wakaangalia marudio: mpira ulikuwa bado unagusa ncha za vidole taa ya kumalizika kwa muda ilipowaka. Pointi zikafutwa.

Halafu ikawa nyongeza za dakika tano, tano, tano. Katika nyongeza tano za mwanzo Syracuse hawakuwahi kuongoza hata sekunde moja. Kila mara UConn walitangulia, kila mara wakakamatwa. Nyongeza ya sita Andy Rautins akafungua kwa pointi tatu, Syracuse wakaongoza kwa mara ya kwanza, na kamba ikakatika: 127–117. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano, Hasheem akiwa mmoja wao. Alikuwa amefunga pointi 19, amekusanya ribaundi 14 na kuzuia mitupo sita. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70.

Huwa nawaambia watu: mtu yeyote anayesema Hasheem hakuwa na moyo, akae atazame dakika 70 hizo bila kusogeza mbele. Syracuse, kwa taarifa yako, walirudi uwanjani usiku uliofuata wakacheza nyongeza tena, wakawafunga West Virginia, kabla Louisville hawajawamaliza fainali.

Hiyo ndiyo mechi yenye nyongeza nyingi kuliko zote?

Hapana. Cincinnati na Bradley walikwenda saba mwaka 1981.

UConn walifikaje nusu fainali?

Walianza bila kocha. Asubuhi ya mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa Calhoun aliugua akapelekwa hospitali, na msaidizi wake George Blaney akasimama badala yake. Vijana wakawafunga Chattanooga 103–47, tofauti ya pointi 56. Calhoun akarudi. Wakapita Texas A&M 92–66, Purdue 72–60, na katika nane bora, Glendale, Arizona, wakawakuta Missouri, timu iliyokuwa inabana uwanja mzima kuanzia mpira unapoingizwa. Hapo ndipo Kemba Walker alipoanza kujulikana nchini, akiivunja ile bana kwa kasi. 82–75.

Na Detroit kulitokea nini?

Michigan State walikuwa karibu nyumbani. Chuo chao, East Lansing, kiko kilomita 145 hivi kutoka Detroit, na mechi zilichezwa Ford Field, uwanja wa mpira wa Kimarekani uliogeuzwa ukumbi wa kikapu kwa watu zaidi ya elfu sabini. Jiji lenyewe lilikuwa taabani. Chrysler walikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi mwisho wa mwezi ule ule, General Motors wakafuata Juni. Watu waliokuwa wanapoteza kazi walikuwa na timu ya kushangilia, na walishangilia.

Usiku wa tarehe 4 Aprili, kwetu ikiwa imepita saa saba usiku wa kuamkia tarehe 5, Michigan State walishinda 82–73. Hasheem alifunga pointi 17 na kuchukua ribaundi 6. Si vibaya kwa pointi. Ribaundi ndiyo tatizo. Kocha Tom Izzo aliwaambia vijana wake wakimbie, na walikimbia kila mpira, hata baada ya kufungwa. Senta, yaani mchezaji mrefu wa kati, kazi yake ni kulinda mlango. Wao walikuwa wanapita kabla mlango haujafungwa. Hapo pengo la Dyson lilionekana kuliko siku yoyote.

North Carolina walikuwa bora kiasi hicho, au walipata njia rahisi?

Walikuwa bora. Mwaka 2008 walikuwa wamechapwa na Kansas nusu fainali, 84–66, na badala ya kwenda NBA, Tyler Hansbrough, Ty Lawson, Wayne Ellington na Danny Green wote walirudi chuoni kudai deni. Kabla msimu haujaanza waandishi wote wanaopiga kura ya orodha ile ya timu bora, ya shirika la habari la AP, bila hata mmoja kupinga, waliwaweka namba moja. Walipoteza mechi nne njiani, ya kwanza nyumbani kwao dhidi ya Boston College, watu wakaanza kunong'ona. Mashindano ya taifa yakafunga midomo: kila mechi walishinda kwa pointi 12 au zaidi.

Fainali ilichezwa usiku wa tarehe 6 Aprili, ambapo Tanzania ilikuwa tayari ni alfajiri ya Siku ya Karume, hakuna kazi, kwa hiyo waliokuwa na namna ya kutazama walitazama kwa raha. Raha yenyewe iliisha mapema. Mapumziko yalikuwa 55–34, na mwisho 89–72, mbele ya watazamaji 72,922. Lawson alipora mipira minane, rekodi ya fainali, na Ellington akachukua tuzo ya mchezaji bora. Mwezi Desemba timu hizo hizo zilikuwa zimekutana ndani ya uwanja huo huo, na North Carolina walishinda 98–63. Michigan State walijua kinachokuja. Kujua hakukuwasaidia.

Je, UConn wangewafunga? Naulizwa hili na mashabiki wa Hasheem kila mara. Mimi nasema hapana, ila wangewabana kuliko walivyofanya Michigan State. Lawson aliishi kwa kuingia ndani, na ndani kungekuwa na mtu.

Obama aliingiaje kwenye habari hii?

Alijaza karatasi ya utabiri. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza Ikulu, na mtoto huyu wa baba wa Kogelo ni mpenzi wa kikapu tangu utotoni. Machi 2009 alikaa mbele ya kamera za ESPN, televisheni ya michezo, akapanga mechi zote, akaandika North Carolina kuwa bingwa, fainali dhidi ya Louisville. Louisville hawakufika, lakini bingwa alimpatia. Alikuwa anawajua: Aprili 2008, akiwa katika kampeni, alicheza nao mazoezi Chapel Hill. Baada ya ubingwa aliwaalika Ikulu. UConn aliwatoa kabla ya nusu fainali, na hilo Watanzania hatujalisahau.

Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, alikuwa wapi?

Davidson, chuo kidogo cha North Carolina. Aliongoza nchi nzima kwa kufunga, wastani wa pointi 28.6, na timu yake haikuteuliwa kabisa kuingia mashindano ya taifa. Mchezaji bora wa mwaka alikuwa Blake Griffin wa Oklahoma, pointi 22.7 na ribaundi 14.4.

Kwa hiyo Memphis walikosea kumchagua Hasheem kabla ya Harden na Curry?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine ni kuzunguka mbuyu.

Drafti ya tarehe 25 Juni 2009 ilienda hivi: Griffin kwanza kwa Clippers, Hasheem wa pili kwa Memphis Grizzlies, James Harden wa tatu kwa Oklahoma City, Tyreke Evans, Ricky Rubio, Jonny Flynn, halafu Curry wa saba kwa Golden State. Hasheem akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Ukitazama leo, Harden na Curry wakiwa wamekuwa nyota, ndiyo, Memphis walikosea. Minnesota walikosea mara mbili mfululizo, wakichukua wapitishaji wawili, Rubio na Flynn, na kumwacha Curry, lakini hao hawasimangwi kwa ukali ule ule.

Kilichobadilika si Hasheem peke yake. Kwenye kikapu cha vyuo mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda anaotaka. NBA hairuhusu: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa katika eneo la rangi, lile la mbele ya kikapu, zaidi ya sekunde tatu. Kazi ambayo kijana huyu aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote nchini, kusimama mlangoni, sheria mpya ilimwambia aifanye kwa vipande. Ongeza maumbile: Blair alikuwa ameshaonyesha kwamba anaweza kusukumwa, na NBA imejaa akina Blair wenye mita 2.10. Ongeza kwamba Memphis walikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph katika nafasi zile zile. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo, na hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kama yeye akapelekwa huko kabla. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na miaka ya baadaye akacheza Taiwan.

Alihitaji miaka minne ya kufundishwa miguu, bila haraka. Namba mbili ya drafti hainunui subira. Inaifuta.

UConn hawakuadhibiwa kwa makosa ya kusajili?

Waliadhibiwa, ila hayakumhusu Hasheem. Habari ilichapishwa Machi 2009, katikati ya mashindano, kuhusu namna walivyomfuata mchezaji mwingine ambaye hakuichezea timu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilitoa uamuzi mwaka 2011, na Calhoun akafungiwa mechi tatu za ligi.

Alilipwa kiasi gani akiwa chuoni?

Mshahara haukuwepo. Wakati ule sheria ziliruhusu ufadhili wa masomo, malazi na chakula tu. Ni mwaka 2021 ndipo wanafunzi waliporuhusiwa kupata fedha kwa jina na sura zao.

Nikitaka kutazama mechi mbili tu za msimu huo, nitazame zipi?

Usianze na ile ya Blair, umeshaiona hata kama hujui umeiona. Anza na Providence ya tarehe 31 Januari, uhesabu bloku kumi kwa vidole na uone mikono yake inavyofika kabla ya mwili. Kisha ile ya Madison Square Garden, yote, ukiwa na kahawa. Ikifika nyongeza ya tatu utaona wachezaji wanashika magoti kila filimbi inapolia. Mtafute yule mrefu kuliko wote, uone bado anarudi mbio kulinda.